Mkufunzi Hakimbii

Jumatatu, 6 Oktoba

Tangazo limetoka! Jeshi linaandikisha. Kinyozi ndiye aliyekuwa na gazeti. Nimelisoma kwenye kiti chake, povu likiwa upande mmoja wa kidevu. Urefu ninao. Alama za shule ninazo, si nyingi lakini zinatosha. Umri ndio huu wa mwisho. Mwakani nitakuwa nimezidi, hata ninyolewe vipi.

Hii itakuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza mizani ilinikataa. Afande aliitazama, akanitazama mimi, akauliza kama kwetu huwa tunakula. Mara ya pili nilibeba nakala ya kitambulisho. Kitambulisho chenyewe nilikiacha chini ya godoro kisiibwe, na kweli hakikuibwa.

Dadangu Mercyline, anayenilisha tangu tulipotoka Busia, alisoma uso wangu kabla sijafungua mdomo. Akasema sawa, nijaribu. Lakini hii ikinipita, naenda Kawangware kwa Mjomba Shivachi, kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti. Mjomba ameshaniwekea miwani ya kazi. Mageti! Baba alivaa sare hapa Nairobi maisha yake yote, lakini ilikuwa sare ya kufungulia wengine geti. Walimpigia honi. Sikuwahi kusikia hata mmoja akimwita kwa jina. Nikiwa mdogo niliapa kwamba mimi nitavaa ile sare ambayo mtu akiiona ananyooka. Sasa nikatengeneze mageti? Hapana, jamani.

Jioni nimepitia kwa Sajini Khamala. Amestaafu jeshini, anaishi upande wa Olympic, na kila asubuhi anafunza vijana bure kando ya reli. Nimemwomba siri ya kuingia. Akasema nikimbie kila siku, tena bila viatu, maana siku yenyewe hawaruhusu viatu. Nile vizuri. Nitayarishe karatasi halisi. Nimwone daktari wa meno. Nilale mapema. Na mtu akiniahidi nafasi kwa kitu kidogo, nimkimbie huyo pia. Nikangoja aendelee. Akaaga, akaingia kula. Ni mzee mzuri, lakini kuna jambo ananificha.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeenda kwa Sajini. Sitaki kuandika yaliyotokea. Naandika kwa sababu sina nguvu ya kufanya kitu kingine.

Tulikimbia kando ya reli, wote miguu mitupu. Kokoto za reli hazikuwekwa kwa ajili ya binadamu. Kwenye kibanda cha kwanza cha makaa nilikuwa mbele ya wote. Kwenye cha pili nilikuwa katikati. Kwenye cha tatu mama wa makaa alinipa kiti bila hata kuniuliza shida yangu.

Oyoo akanipita akienda. Akanipita tena akirudi. Oyoo ni jirani, mlango wao unatazamana na wetu. Ni kijana mdogo kwangu, mchana anabeba mizigo sokoni, na hana mpango wowote maishani. Anaamka, anakimbia, basi. Akasimama kuniuliza kama niko sawa. Nikamwambia nachunguza njia.

Sajini aliniletea maji mwenyewe. "Kijana, kesho uje tena," akasema. "Bila viatu, na bila maneno." Wote wakacheka isipokuwa Oyoo. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Nimelala chali mchana kutwa nikiwaza, na jibu limekuja lenyewe. Asubuhi yote ile kulikuwa na mtu mmoja tu asiyetoa jasho. Sajini! Alisimama na filimbi, na kila mtu alimwogopa. Mkufunzi hakimbii! Nitafungua kambi yangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kambi imefunguliwa! Nimepata wanafunzi saba. Wa kwanza ni Marion Aoko, anayeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari pale njia panda ya Olympic. Ana mabega ya kazi, na akikutazama unakumbuka uongo wako wote. Ada ya kambi hakuna. Kila mwanafunzi analeta chakula cha mkufunzi, ndiyo hivyo tu. Marion analeta mayai. Kambi inawajenga wao, mayai yananijenga mimi, na mizani itakosa la kusema.

Filimbi nimeazima kwa mwalimu wa watoto kanisani. Ni ya rangi ya waridi, lakini inalia. Binamu yangu Ryan ana boda boda, na alfajiri huwa hana abiria. Nimekaa nyuma yake, nimepuliza, na wanafunzi wamekimbia mbele yetu kutoka kwetu Kianda, hapa Kibera, wakapita Ayany, mpaka Ngong Road na kurudi. Nimejituma sana. Upepo wa asubuhi umenitoa machozi.

Marion akageuka akiwa mbioni. "Kochi, na wewe hukimbii?" Nikamweleza kwamba jenerali huangalia vita kutoka mahali pa juu. Akasema, "Hapo juu ni keria ya boda, kochi." Nimempa adhabu ya kuzunguka tena hadi Ayany. Ameenda na kurudi, hata hahemi.

Oyoo alitupita mlimani akiwa peke yake. Akatusalimu kwa adabu. Nikamwambia Ryan aongeze mafuta, na tulimshinda vizuri kabisa.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada nimeenda kupimwa uzito kwa Ogola, mnunuzi wa vyuma chakavu. Ana mizani kubwa ya chini, ya injini na mageti yaliyong'olewa. Nimepanda kati ya jiko bovu na bomba la maji. Ogola akasoma, akasikitika, akasema ningekuwa chuma angenirudisha nilikotoka.

Nimepungukiwa. Si sana. Nimemwuliza Ogola ni kiasi gani, nikitaka mfano wa kueleweka. Akaonyesha ndoo ndogo ya maji iliyokuwa mlangoni. Ndoo ya maji! Nimesimama pale nikiitazama mpaka akaniuliza kama nina kiu. Maji yana uzito. Maji ni bure, yaani karibu bure. Siku yenyewe nitakunywa ndoo, nitapanda mizani, halafu mengine yatajipanga.

Mpaka siku hiyo ifike, nakula. Leo nimemaliza mandazi ambayo Mercyline alikuwa amewatayarishia wateja wake wa chai ya asubuhi. Nilimweleza kwamba ni kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Akasema basi taifa lije lioshe sufuria. Nimeziosha mimi.

Jumatano, 15 Oktoba

Kambi inaendelea vizuri. Wanafunzi wameacha kuhema. Ryan analalamika kwamba wanaenda mbio kuliko abiria wake wanavyopenda. Majirani wanalalamika kwamba filimbi inaamsha watoto. Nimewaambia watoto hao watanishukuru siku moja.

Tatizo ni nyayo zangu. Laini kama za mtoto wa askofu. Wanafunzi wangu wanakimbia miguu mitupu kwa amri yangu na nyayo zao zimekomaa, lakini kwenye boda unyayo haukomai. Nimempelekea kinyozi shida hii. Kinyozi wetu anajua kila kitu. Akaniambia nitazame kikombe cha chai cha zamani, jinsi kinavyoshika rangi na kuwa kigumu. Majani ya chai ndiyo dawa, na chumvi kidogo.

Juzi na jana nililoweka miguu. Nilitumia majani mengi ili dawa ikolee. Leo nyayo zina rangi ya chai ya harusi, mpaka kwenye kifundo. Nimejaribu kokoto moja pale nje, polepole, kwa kisigino. Nimepiga kelele hadi mama yake Oyoo akatoka na mwiko.

Kisha Mercyline akaamka kupika chai ya kuuza, na majani hayakuwepo. Wateja wake waliondoka. Nilingoja anikaripie, hakunikaripia. Alikaa kwenye kitanda akaniambia taratibu kwamba ameshamwambia Mama kule Busia. Ameshawaambia wanawake wa chama chake cha kuweka akiba pia. Amewaambia kaka yake anaenda jeshini mwaka huu. Akasema anajua mimi ni mtu wa vituko, lakini mwaka huu, tafadhali, nisiwe nacheza.

Sichezi! Hakuna mtu katika Kibera hii anayelitaka jambo hili kuliko mimi. Nilitaka kumwambia hivyo lakini miguu ilikuwa inawasha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya Mashujaa. Kinyozi aliwasha televisheni, Kianda nzima ikajaa ndani. Wanajeshi wakapita. Mguu mmoja, mkono mmoja, macho mbele. Nilikuwa kwenye kiti nikinyolewa kwa ajili ya siku yenyewe, na nilisimama na shuka lake shingoni. Nilimkumbuka Baba na ile kofia yake iliyokuwa ikimwangukia machoni. Nililia, na sioni aibu kuandika.

Nilipofuta macho niliona kila kijana mle ndani yuko vilevile. Wote wanalitaka hili, na wote wanaenda uwanja mmoja, huu wetu wa Kibera. Watakuwa kama siafu! Hapo ndipo lilinijia. Tangazo linaruhusu kwenda kituo chochote kilicho karibu, na Kawangware wana kituo siku hiyohiyo. Watu wa Kawangware wana biashara zao, nani atafunga duka akakimbizwe uwanjani? Kule kutakuwa kweupe. Mimi, afande na mizani.

Ni siri kubwa. Nimemwambia Marion peke yake, kwa sababu ndiye mwanafunzi bora. Na Ryan, kwa sababu ya boda. Na kinyozi, kwa sababu aliuliza akiwa ameshika wembe. Wote wameapa.

Amebaki Oyoo, na Oyoo ndiye hatari. Akija Kawangware atachukua nafasi yangu bila hata kukusudia. Nikamfuata bombani alipokuwa akiteka maji. Nikamshauri kama kaka kwamba abaki hapahapa Kibera, ni kwao, asisumbuke kwenda mbali. Akatua mtungi chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, Elvis," akasema. "Hakuna mtu ashawahi nikalisha chini akanishauri hivyo." Nimekosa hamu ya kula, na Marion alikuwa ameleta mayai.

Jumatano, 22 Oktoba

Niko Kawangware kwa Mjomba Shivachi. Ryan ameniacha hapa na mfuko wa karatasi zangu, mtungi wa maji na ndizi za kutosha ukoo. Karatasi ni halisi. Nimezikagua mpaka kitambulisho kimeanza kuchoka kunitazama.

Mjomba hakusema lolote la kunivunja moyo. Alinionyesha geti analomalizia, lenye tai aliyekunjua mabawa. Tai ametoka vizuri, siwezi kusema uongo. Akanipa glavu za kazi nimshikilie upande mmoja wakati anachomelea. Zimenitosha kabisa. Sikupenda jinsi zilivyonitosha, nikazivua haraka.

Mkewe, Mama Nasipwondi, amenichinjia kuku. Nimekula kwa ajili ya mizani. Nilipokataa kuongezwa akaniuliza kama nimeugua, kwa hiyo nikaongezwa. Kabla ya kulala Mjomba ameniombea. Ameomba Mungu anipe ninachokitafuta, na kama sicho, anipe cha kwangu. Sehemu ya pili sikuitikia amina.

Alhamisi, 23 Oktoba

Naandika haya kwa shida.

Nilianza vizuri. Kukipambazuka nikala ndizi zote, nikanywa mtungi wote. Nilitembea kwenda uwanjani nikisikia maji yakicheza tumboni, nikajisikia mzito na mwenye matumaini.

Nikapinda kona. Mungu wangu! Kianda yote ilikuwa pale. Kijana wa kibanda cha maziwa. Mtoto wa mchungaji. Vijana wa Makina, vijana wa Olympic, watu ambao nimewahi kuwaona tu msalani kwenye foleni. "Niaje, kochi!" kila upande. Watu wa Kawangware walikuwa wamejaa kwenye ua wakiulizana wageni hawa wametoka wapi. Kinyozi mwenyewe alikuwa kwenye foleni! Nikamkumbusha kiapo chake. Akaapa tena kwamba hakumwambia mtu yeyote, wateja tu.

Karatasi zikakaguliwa. Halisi! Afande akatikisa kichwa kwamba ni sawa, na nikaona kama nimeshapewa bunduki. Wakaja kwenye miguu. Daktari akaziinamia nyayo zangu, akamwita daktari mwenzake. Wakasugua na pamba. Mmoja akanusa. Akaniuliza, "Kijana, haya ni majani?" Nikasema ndiyo, afande, na chumvi. Akauliza maziwa yako wapi. Mstari mzima ulianguka kwa kicheko, lakini alinipitisha. Nimeandika nione tena: alinipitisha.

Kisha tukaambiwa tujipange kukimbia. Nikainua mkono kuuliza kama hatuanzi na mizani. Hapana. Mbio kwanza, mizani baadaye, kwa watakaobaki. Kutoka mstari wa wasichana Marion akanifanyia ishara ya mikono, kama mtu anayesema si kila mtu anajua? Sajini alikuwa akiwaambia watu wake hivyo kila siku kando ya reli. Ningekuwa nikienda kwa Sajini ningejua.

Filimbi ikalia. Mimi nilienda kulia, maji yakaenda kushoto. Mzunguko wa kwanza nilishika tumbo. Wa pili ndizi zilianza kurudi, na sitaeleza zaidi kwa sababu kulikuwa na watu nyuma yangu. Nyayo ziliwaka moto. Dawa ya majani ilifanya kazi ya rangi tu. Wanafunzi wangu walinipita mmoja mmoja, na kila aliyenipita alinisemesha kwa upole, jikaze kochi, twende kochi. Waliponipita mara ya pili walikuwa hawasemi tena. Nilianguka, nikakaa, nikainuka. Nilimaliza nikitembea, wa mwisho kabisa, wakati wengine wameshahesabiwa.

Nikamwambia afande mimi si mkimbiaji wa kawaida, mimi ni mkufunzi. Akauliza wa nani. Kule mbele, kati ya waliobaki, mikono ya wanafunzi wangu ikainuka. Wote saba. Afande akaitazama mikono, akanitazama mimi na shati langu. "Umefanya kazi nzuri, kochi," akasema, na hakuwa ananidhihaki. "Sasa tupishe uwanjani."

Mizani niliiona kwa mbali chini ya hema. Mpya, inang'aa. Sikuikaribia.

Nilikaa nje ukutani, nikalia mpaka nikachoka. Niliona kofia ya Baba. Niliona Mercyline akiwaeleza wanawake wa chama. Imekwisha. Hakuna mara ya nne.

Jua likiwa linashuka Marion akatoka. Watu wetu walikuwa wengi kuliko nafasi, na kati ya wanafunzi wangu wote amechukuliwa yeye peke yake. Alikuwa na barua mkononi na alikuwa akiificha nyuma nisiione. Nikamwambia aitoe. Tuliisoma wote wawili. Akatoa yai mfukoni, akalimenya, akanipa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimerudi Kianda. Kumbe kazi ya kuumia haijaisha.

Oyoo amechukuliwa! Hapahapa Kibera. Uwanja ulikuwa mtupu kiasi kwamba maafande walikaa chini ya hema wakiuliza vijana wameenda wapi. Oyoo akatokea na wenzake wachache wa Sajini, akakimbia kama anavyokimbia kila siku, akapewa barua. Ameitangazia ploti nzima kwamba ni mimi niliyemshauri abaki. Mimi! Mama yake, Mama Akeyo, amevuka ua na samaki mkubwa wa kukaanga kwenye sinia, akamkabidhi Mercyline, akasema ana deni kwetu maisha yake yote. Akanikumbatia mbele ya watu.

Mercyline ananijua. Aliutazama uso wangu, akamtazama samaki. Alinikatia kipande cha mgongoni, chenye nyama, akasema nile. Nilijaribu kukataa. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo baya. Nilikula shukrani ya uongo nikamaliza na mifupa.

Nikasubiri anikaripie kuhusu Mama na chama. Akasema tu ataenda kuwaambia mwenyewe, si mimi niende. Ningependelea anipige.

Jioni nilipita kwa Ogola bila sababu. Akanionyesha mizani kwa kidevu. Nikapanda, kati ya jiko na bomba. Akasoma, akavua kofia, akasoma tena. Nimefika! Nimefika na nimepita! Ogola akanipongeza kwa mkono. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani.

Jumatano, 29 Oktoba

Oyoo amekuja kuniaga mapema. Amenipa viatu vyake vya kukimbilia, maana kule atapewa vingine. Vinanizidi sana, nikivivaa mguu unasafiri peke yake ndani. Nilitaka kumwambia ukweli kuhusu ule ushauri. Nilifungua mdomo kabisa. Akanitangulia kusema kwamba mdogo wake naye anataka jeshi, na amemwambia anifuate mimi kwa kila jambo. Nikafunga mdomo.

Halafu Sajini Khamala amekuja kunywa chai kwa Mercyline. Nilijificha nyuma ya pazia, akaniita bila kuinua kichwa. Akasema amesikia wanafunzi wangu wote saba walimaliza mbio, na hata watu wake wengine hawakumaliza. Akasema nina sauti, na vijana wananifuata, Mungu ndiye anajua kwa nini. Magoti yake yamechoka. Anataka msaidizi kando ya reli, mwenye filimbi. Sharti ni moja: msaidizi anakimbia na wenzake, mbele yao, miguu mitupu.

Mercyline aliacha kumimina chai. Yaani Sajini mwenyewe! Asubuhi nitafunza vijana, mchana nitachomelea kwa Mjomba. Nikasema ndiyo. Niliposema ndiyo Mercyline alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Busia, na akanipa andazi bila mimi kuomba. Nimekuwa mtu mwingine. Najua hivyo kwa sababu nimelala mapema.

Jumatatu, 3 Novemba

Siku yangu ya kwanza kwa Mjomba. Nimevaa miwani na zile glavu. Nimechomelea bawaba moja, imeshika. Mteja alikuja kuchukua geti lake, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena. Akauliza aliyefunga bawaba hii anaitwa nani. Mjomba akanionyesha. Mtu huyo akanipa mkono na kuniuliza jina. Nikamfikiria Baba. Nikanyooka, nikamwambia ni Koplo Wanzala.

Jioni nimepitia Kianda kumuaga Marion. Anaondoka kesho. Ndoo ya mayai amemwachia mdogo wake. Akaniuliza, "Kochi, kesho utakimbia?" Nilimwambia nitakimbia. Nilimaanisha, na nilimwona ameniamini. Alinipigia saluti pale njia panda, mbele ya watu wote, nami nikamrudishia. Sijawahi kupigiwa saluti. Nimetembea nusu ya njia nikiwa nimenyooka.

Nikapita kwa kinyozi kunyoa ndevu. Ana habari! Magereza watatangaza nafasi karibuni, ameambiwa na mteja, na inasemekana huko umri wanautazama kwa jicho la huruma. Nimekaa kwenye kile kiti nikapiga hesabu kwa makini. Safari hii kila mtu ameona ya Oyoo, kwa hiyo kila mtu atabaki Kibera. Kawangware kutakuwa kweupe kabisa! Na mimi nina mjomba kule! Ni siri kubwa. Nimemwambia Ryan peke yake. Na kinyozi, kwa sababu alikuwa ameshika wembe.

Kuhusu nyayo, kinyozi anasema kosa lilikuwa majani. Ilitakiwa kahawa. Mdogo wake Marion amekubali kuleta mayai.

Kesho alfajiri ndiyo ya kwanza na Sajini. Vijana wote kando ya reli, msaidizi mbele, miguu mitupu. Nimetayarisha filimbi. Nimemtumia Ryan ujumbe aje na pikipiki mapema, na asisahau kujaza tangi.